Mashine ya kupukuchua mahindi ikija shambani kwako

Mwaka 2019, mwezi wa saba, huko Kiteto, Manyara, propela ya trekta ilinishika koti. Tulikuwa tunapukuchua mahindi ya kaka yangu, jua linazama, na watu wawili wanasubiri zamu ya mashine. Takataka zilikuwa zimeziba kwenye chekeche. Badala ya kuzunguka, nikakatiza kati ya trekta na mashine nikazizibue. Nilitaka kuokoa hatua tano.

Propela ndiyo chuma kinachotoa nguvu kwenye trekta na kuipeleka kwenye mashine. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ukikizungushia kamba mara moja tu, kimekula kama robo mita. Piga hesabu mwenyewe: sekunde moja kinameza zaidi ya mita mbili za nguo. Hakuna anayewahi kujinasua hapo, hata kijana awe mwepesi vipi. Mimi nilisikia bega linavutwa, kisha nikajikuta chini.

Kilichonishika ni bolti. Pini ya kushikiza propela ilishapotea, ikawekwa bolti ndefu iliyochomoza kama kidole gumba. Na ile kava ya plastiki inayofunika propela ilitolewa ili kupaka grisi kuwe rahisi. Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, inama uangalie. Kava ipo kuanzia kwenye trekta hadi kwenye mashine? Vinyororo vyake vimefungwa? Ishike uizungushe kwa mkono, kadiri vinyororo vinavyoruhusu: kava nzima huzunguka peke yake, propela ikiwa imetulia. Kama kava haipo, mwambie mwenye mashine hapana. Najua inavyouma kuirudisha mashine uliyoisubiri wiki nzima. Irudishe. Wazee wetu walipiga mahindi kwa fimbo, na yaliingia maguniani.

Nguo nazo: vua koti, mtandio na kanga ya kiunoni, chomekea shati, funga nywele. Koti langu lilikuwa kuukuu, likachanika likaniachia. Lingekuwa jipya lingenivuta mzima.

Kabla ya kuanza kazi, kila aliyepo, pamoja na wapishi, aonyeshwe injini inazimwa wapi. Kaka yangu alikimbilia kunivuta; bahati dereva aliwahi kuzima. Mtu akinaswa, zima kwanza. Usimvute, wala usijaribu kurudisha mashine nyuma, utamkata zaidi.

Damu ilikuwa inaruka kwenye kiwiko. Shemeji yangu alikuwa anasonga ugali wa vibarua. Alikuja na mwiko mkononi, akakandamiza kidonda kwa kanga kwa nguvu zake zote. Damu ilipogoma kusimama, akachana pindo lenye upana wa vidole vinne, akalifunga juu ya kidonda, upande wa bega (usifunge kwenye maungio kama kiwiko), akapitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha mpaka damu ikasimama. Nilipiga kelele, maana maumivu yake ni makali mno. Hakulegeza, na wewe usilegeze njiani. Kosa letu lilikuwa moja: daktari aliuliza imefungwa saa ngapi, tukatazamana. Andika saa kwenye ngozi ya mgonjwa, hata kwa mkaa. Asile wala kunywa, kwa sababu huenda atapasuliwa, na mfunike asipate baridi. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, ndipo uuweke mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Hospitali ulizeni sindano ya pepopunda.

Mkono wangu wa kulia haunyooki hadi mwisho, lakini jembe nashika. Mashine ikija kwangu sasa, kabla ya gunia la kwanza napigilia vigingi na kuzungusha kamba ya katani, hatua tatu kila upande wa propela. Ikiziba, dereva anazima na ufunguo unakuja mfukoni mwangu. Anayetaka kwenda upande wa pili anazunguka.