Jinsi ya Kupima Maoni Yanayopingana Kuhusu Gemu Kabla ya Kutoa Pesa Yako

Zipo gemu za mapambano na visa ambazo wachezaji hawajawahi kukubaliana juu yake tangu zilipotoka. Mmoja atakuapia kwamba hajawahi kuona mji uliojengwa kwa ufundi kama ule, na mwingine, aliyecheza gemu hiyohiyo, atakuambia kwamba aliitoa kwenye mashine kabla ya saa mbili kwisha na hana mpango wa kuirudia. Gemu za namna hii mara nyingi ndizo utakazozikuta kwa bei nafuu kwa wauza CD zilizotumika mjini Arusha, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa hapa anahitaji kujua kuyapima maoni hayo kuliko mtu anayenunua kila kitu kipya siku ya kwanza. Mwongozo huu unatumia zaidi mfano wa Assassin's Creed Unity, gemu ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliyotoka Novemba 2014, kwa kuwa sifa na kasoro zake zimeshajadiliwa kwa miaka mingi na karibu kila aina ya ubishi utakaokutana nao imo ndani yake.

Jua kwanza utacheza toleo lipi

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba usome maoni mapya na uachane na ya zamani, kwa sababu gemu hurekebishwa. Ushauri huo unamfaa mtu ambaye mashine yake iko kwenye intaneti muda wote, lakini kwa wengi wetu unapotosha. CD hubeba gemu kama ilivyokuwa ilipochapwa, na marekebisho yote yaliyofuata hupakuliwa kwa intaneti. Mashine nyingi za vibanda vya gemu, na nyingi za majumbani, hazijaunganishwa, kwa kuwa mwenye nazo haoni kwa nini amalize bando lake kwa ajili ya sasisho ambalo wateja wake hawaliulizii. Anayecheza kwa CD bila masasisho anacheza gemu ya siku ya kwanza, hata kama miaka kumi imepita, na maoni yanayomhusu yeye ni yale ya zamani ambayo wengine wanaambiwa wayapuuze.

Ubishi wa vijana wawili katika kibanda kimoja cha Ngarenaro, hapa Arusha, unaonyesha jambo hili vizuri. Wa kwanza alikuwa ameicheza Unity palepale kibandani, kwenye PS4 (mashine ya PlayStation 4 ya Sony) isiyojua intaneti ni nini, na alikuwa akisimulia jinsi mhusika wake alivyozama ndani ya barabara ya mawe na kubaki akielea chini ya mji. Wa pili, anayeishi Sakina, aliicheza kwenye kompyuta yenye masasisho yote, na akamwita mwenzake mwongo mbele ya watu. Walibishana mpaka zamu yao ya kucheza mpira ikafika, na hakuna aliyemwuliza mwenzake alitumia toleo lipi. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Kwenye PS4, peleka alama ya kuchagulia juu ya picha ya gemu, bonyeza kitufe cha Options kwenye pedi, kisha ufungue sehemu ya maelezo. Namba ya toleo itaonekana hapo. Ikiwa ni 1.00 au karibu na hapo, unayo gemu ya CD tupu. Muulize pia muuzaji kama mashine utakayoitumia inaweza kupakua sasisho, na uhesabu bando la kulipakua kuwa sehemu ya bei ya gemu. Sasisho la nne la Unity, lililotoka Desemba 2014, lilikuwa na ukubwa wa takriban GB 6.7, na kwa kosa fulani baadhi ya wenye Xbox One, mashine ya Microsoft, walijikuta wakipakua gemu nzima upya, kiasi cha GB 40. CD ya bei rahisi yenye sasisho la ukubwa huo inaweza kukugharimu zaidi ya ile uliyoiona ghali, hasa kama huna kifurushi cha usiku.

Hata mwenye intaneti anatakiwa kuwa mwangalifu na sifa mpya. Cyberpunk 2077, ambayo ni jirani wa gemu za aina hii, ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hali mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation kwa takriban miezi sita. Sifa nyingi unazozisoma leo zinatokana na toleo la 2.0 la Septemba 2023, lakini toleo hilo lilitolewa kwa kompyuta, PS5 na Xbox mpya pekee. Mwenye PS4 halipati hata akinunua bando la mwezi mzima. Akisoma maoni ya watu wa PS5 na kununua CD ya PS4, amenunua gemu ambayo wasifiaji wale hawakuizungumzia.

Tenganisha malalamiko

Ukishajua toleo lako, chukua malalamiko unayoyasikia na uyagawe. Si yote yenye uzito sawa, na kosa kubwa la wasomaji wengi ni kuyajumlisha yote kuwa namba moja.

Yapo malalamiko ya hitilafu, yaani mambo ambayo hata waliotengeneza gemu hawakuyakusudia. Picha iliyoifanya Unity ichekwe dunia nzima, ya uso usio na ngozi uliobaki na macho na meno yakielea hewani, ni ya kundi hili, na ilitoka kwenye toleo la kompyuta. Ni picha ya kuchekesha, na kwa sababu hiyo imeishi kuliko hitilafu yenyewe. Atakayekutumia picha hiyo kama sababu ya kutonunua CD ya PS4, mshukuru kisha uendelee na uchunguzi wako. Karibu na kundi hili, kwa kuwa nayo yalitibiwa na sasisho ingawa yalikusudiwa, ni masanduku ya hazina ambayo mwanzoni hayakufunguka mpaka uwe na programu fulani ya simu. Watu waliudhika, na walikuwa na haki ya kuudhika, kisha Ubisoft ikaliondoa sharti hilo kwa masasisho. Asiye na sasisho bado atayakuta yamefungwa.

Yapo malalamiko ya uzito, ambayo hutegemea mashine. Unity ilijaza mitaa ya Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na umati wa maelfu ya watu, jambo ambalo gemu chache za wakati huo zilithubutu kulijaribu, na umati huo ndio uliozielemea PS4 na Xbox One, zilizokusudiwa kuonyesha fremu (picha) 30 kwa sekunde lakini zikashuka chini ya hapo kila viwanja vilipojaa. Kwenye kompyuta, mahitaji ya chini yaliyotangazwa yalikuwa RAM ya GB 6, nafasi ya GB 50 na kadi ya michoro ya kiwango cha GeForce GTX 680, ambayo kwa mwaka ule ilikuwa kadi ya watu wenye nazo. Laptopu ya ofisini iliyotumika, isiyo na kadi yake ya michoro, haitaicheza gemu hii kwa raha yoyote. Kwa hiyo malalamiko ya kugandaganda yasome huku ukiangalia mlalamikaji anatumia nini. Bila kutajiwa mashine, hayakusaidii.

Kundi la tatu ndilo unalopaswa kulisoma kwa makini kuliko yote, yaani malalamiko ya muundo, kwa sababu hayo hayatibiwi na sasisho. Waliocheza Unity kwenye mashine dhaifu na waliocheza kwenye mashine bora kabisa wanakutana kwenye mambo yaleyale: mhusika mkuu, Arno, hung'ang'ania ukingo usioutaka, husita mbele ya dirisha lililo wazi badala ya kuingia, na wakati wa kukimbizwa hupanda kitu ambacho hukumwelekeza. Wengi wanasema pia kwamba hadithi yake na mpenzi wake Élise inaanza kwa ahadi kubwa kisha inapwaya, na kwamba ramani imejazwa alama kiasi cha kuchosha macho. Ukiona lalamiko moja linarudiwa na watu wa mashine tofauti na wa miaka tofauti, lichukue kuwa ni sehemu ya gemu yenyewe, na ujiulize kama unaweza kuishi nalo.

Lalamiko la ladha halihitaji maneno mengi. Asiyependa kunyemelea hatapenda gemu ya kunyemelea.

Pima sifa kama unavyopima lawama

Sifa nazo zina asili yake. Aprili 2019 kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua, Ubisoft iliigawa Unity bure kwa watumiaji wa kompyuta kwa takriban wiki moja, kwa kuwa kanisa hilo limejengwa ndani ya gemu kwa uangalifu mkubwa, kazi iliyomchukua msanii mmoja takriban miaka miwili. Siku hizo maoni mazuri yalimiminika kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Sehemu ya maoni hayo yalikuwa shukrani kwa kampuni na huzuni kwa kanisa, na ingawa hisia hizo ni za kweli, hazikuambii kama Arno siku hizi anaingia dirishani anapoambiwa.

Upande wa lawama, mfano mzuri ni The Last of Us Part II, iliyotoka 19 Juni 2020. Siku hiyohiyo alama za watumiaji kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za gemu, zilishushwa na maelfu ya watu, ilhali gemu yenyewe inahitaji zaidi ya saa ishirini kumalizika. Mwezi uliofuata Metacritic iliweka utaratibu wa kusubiri saa 36 baada ya gemu kutoka kabla ya kupokea alama za watumiaji. Steam huonyesha saa ambazo mtoa maoni amecheza, nayo ni taarifa ya kwanza kuitazama. Mwenye saa moja anaweza kukueleza kuhusu hitilafu na uzito. Kuhusu hadithi na muundo msikilize mwenye saa kumi na zaidi. Mwenye saa mia nne anayelalamika kwamba gemu haina maana, mimi binafsi humsoma kama mtu aliyeipenda.

Maoni ninayoyaamini kuliko yote ni ya yule anayesifu huku akitaja kasoro kwa jina, au anayelaumu huku akikubali kilicho kizuri. Mtu anayesema kwamba misheni za mauaji za Unity zimemwachia nafasi ya kuchagua njia yake mwenyewe ya kumfikia mlengwa, ila mara mbili alionekana na walinzi kwa sababu mhusika aligoma kushuka ukutani, amekupa mambo mawili unayoweza kwenda kuyahakiki.

Ijaribu kwa saa moja

Jaribio la kibandani bado ni njia bora tuliyo nayo, ingawa si rahisi kulipata. Wenye vibanda wa Kaloleni na Ngarenaro hupenda gemu za mpira, ambazo mechi yake huisha haraka na mteja mwingine akaingia. Gemu ya hadithi hukalia mashine, na ulichohifadhi leo utakikuta kesho kimefutwa na mtoto wa shule. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, lipia saa moja, na umwambie mwenye kibanda wazi kwamba unajaribu kabla ya kununua.

Usiitumie saa hiyo kwenye utangulizi, kwa maana utangulizi wa gemu yoyote husuguliwa mpaka ung'ae. Omba kufungua mahali palipohifadhiwa na mtu aliyekwisha kwenda mbele. Kwa Unity, ingia kwenye uwanja uliojaa watu na uzungushe kamera polepole, uone kama picha inagandaganda kiasi cha kukukera. Kisha panda jengo refu na ushuke kwa kutumia kitufe cha kushukia, jambo ambalo gemu hii inalifanya vizuri, halafu ujaribu kuingia madirishani mara kadhaa mfululizo huku ukikimbia. Ukitoka hapo huna hasira, kasoro kubwa ya muundo umeshaikubali, na mengine ni ya kuvumilika.

Mnunuzi wa Steam ana njia nyingine: anaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza zaidi ya saa mbili. Pesa hurudi, bando la GB 50 halirudi. Kwenye duka la PlayStation, ukishaanza kupakua gemu haki hiyo kwa kawaida inakwisha, kwa hiyo huko fanya uchunguzi wote kabla ya kulipa.

Nikiulizwa kuhusu Unity yenyewe, hukumu yangu ni kwamba inafaa kununuliwa kwa bei ya CD iliyotumika na mtu anayependa kutembea ndani ya mji kuliko kumaliza hadithi, mradi mashine yake inaweza kupata masasisho. Kwa asiyeweza kuyapata, atafute gemu nyingine ya mfululizo huohuo.

Ukishaicheza, toa maoni ambayo mwingine anaweza kuyatumia. Taja mashine, namba ya toleo, saa ulizocheza na mahali ulipofikia kwenye hadithi, kisha eleza tukio moja au mawili kwa ukamilifu badala ya kutoa alama. Siku ukiiuza CD, yaandike mambo hayo kwenye kipande cha karatasi na ukiweke ndani ya kasha, pamoja na ukubwa wa sasisho kwa GB, ili mnunuzi wako ajue bando analotakiwa kuwa nalo kabla hajaondoka nayo.