Namna ya kufundisha uwanjani msafara wa meli wakati wa vita

Nafundisha historia sekondari hapa Tanga, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia naifundishia nje. Ukitaka kujaribu, mwalimu mwenzangu, tafuta filimbi, karatasi ngumu na nafasi kama nusu uwanja wa mpira. Ufukweni nako panafaa maji yakikupwa.

Anza na mzigo, la sivyo wataona ni mchezo wa kukimbizana tu. Kila mwanafunzi atakayekuwa meli mpe singa za mkonge ashike. Waeleze kwamba mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Ufilipino, Uingereza na wenzake walikatiwa katani ya Manila iliyosokotwa kamba za meli, na mkonge wa huku ukawa mali ya vita. Watoto wa Tanga wanayajua marobota na matishari, hapo usipoteze muda.

Sasa mchague mmoja awe nyambizi. Achuchumae katikati, atazame kwa jicho moja kupitia karatasi uliyoikunja mfano wa bomba. Akiwa "chini ya maji" atembee kisigino kikigusa vidole, maana nyambizi za wakati ule zikizama zilitegemea betri, zikawa goigoi. Akisimama wima anaruhusiwa kukimbia, ila kila mtu anamwona.

Pitisha meli mojamoja, kwa kuachana. Atazinasa nyingi, kwa sababu ikimponyoka hii, nyingine inakuja. Kisha zipitishe zote pamoja, kwa safu, na manowari mbili pembeni. Hapa usiwe na haraka, na jibu usilitoe. Wengi huja wakiamini kwamba kundi kubwa ndilo shabaha rahisi. Waache waone wenyewe: bahari inabaki tupu kitambo kirefu, kundi linapita upande asioutazama, na hata akiliona anawahi kupiga moja au mbili kabla manowari hazijamfikia. Rudia, umbadilishe nyambizi, mpaka mmoja wao aseme kwa kinywa chake kwamba kukusanya meli ni kumnyima adui nafasi. Kipindi kizima kikiishia hapo, sawa tu.

Ongeza filimbi: mlio mmoja wote kulia, miwili kushoto. Aliyekuwa amepiga hesabu ya kuvizia mbele inamharibikia. Mwambie mmoja achechemee pia, waone msafara wote ukifuata mwendo wake.

Halafu wakalishe, uwasimulie msafara wa kweli ulioitwa KR 8. Sisi hufundisha vita hivi kana kwamba vilikuwa vya Ulaya peke yake, na mimi hilo linaniuma. Msafara huu ulitoka Kilindini, Mombasa, Februari 1944, ukielekea Colombo: meli tano za abiria na askari, pamoja na manowari. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, mojawapo ya meli hizo tano, kwa torpedo mbili, yaani makombora yapitayo majini. Ilizama katika dakika chache. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walikuwemo na wauguzi wanawake. Majina ya wapiga mizinga hao yamo kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita Nairobi. Wasomee 1,297 polepole, kisha ulinganishe na idadi ya shule yenu.

Malizia na swali zito. Nyambizi ilikuwa bado chini, na juu yake waliopona walikuwa wakielea. Manowari Petard na Paladin zilidondosha mabomu ya majini pale pale, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea walikufa. I-27 ikalazimika kuibuka, na mwishowe Petard ikaizamisha. Wape dakika kumi kila mtu aandike amri ambayo angeitoa yeye, na sababu zake. Uamuzi wenyewe siupi alama. Alama natoa kwa aliyewafikiria watu walio majini na pia meli nne zilizobaki.