Jinsi ya kutoa gurudumu la mbele la pikipiki na kubadilisha tairi (breki ya ngoma, rimu ya spoku)

Mwongozo huu ni wa pikipiki za kazi zilizojaa barabarani kwetu: Boxer, TVS HLX na ndugu zake, zenye rimu ya inchi 17, tairi la tyubu na breki ya ngoma mbele. Kulifungua gurudumu la mbele ni kazi ya dakika chache. Kulirudisha ndiko kunakotaka akili, kwa sababu kosa moja pale kwenye sahani ya breki (kifuniko cha ngoma kinachobeba brekishuu, zile pedi zinazosugua ngoma) linamrusha dereva juu ya usukani. Soma mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Tairi la kununua

Soma ubavu wa tairi la zamani. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii utakuta 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nunua saizi ileile. Baada ya saizi hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo: 41P maana yake tairi linabeba kilo 145 na kuhimili kilomita 150 kwa saa, na 47P linabeba kilo 175. Kwa anayepakia mizigo na abiria kila siku, 47P ni pesa iliyotumika vizuri.

Tafuta pia tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu ubavuni. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mingi, hasa lililoning'inizwa nje juani, mpira wake huwa umekauka hata kama kashata zake (vinundu vya mpira vinavyoshika barabara) ni mpya kabisa. Likunje kwa mikono: ukiona nyufa nyembamba chini ya kashata, lirudishe.

Nunua na tyubu mpya. Tyubu iliyotumika imeshatanuka. Ukiiingiza kwenye tairi jipya inajikunja, na kwenye ule mkunjo ndipo inapopasukia baada ya wiki chache. Na uangalie mpira mwembamba unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu. Umechanika au umelegea? Badilisha, bei yake ni ndogo.

Vifaa

Spana au boksi la nati ya ekseli, ule mhimili wa chuma unaopita katikati ya gurudumu (mara nyingi namba 17 au 19, zipo zote mbili), spana namba 10 ya kebo ya breki, koleo, nyundo ya mpira au kipande cha mbao cha kugongea, liva mbili za tairi (vyuma bapa vya kung'olea tairi) zenye ncha laini, sabuni ya maji, grisi, kitambaa, pampu na kipima upepo. Kama huna liva, azima. Bisibisi ina ncha kali, hutoboa tyubu kirahisi.

Kutoa gurudumu

1. Pikipiki ikiwa bado imesimama kwa matairi yote mawili, legeza nati ya ekseli robo mzunguko tu. Ukisubiri mpaka gurudumu liwe hewani, nguvu ya kufungulia nati ngumu inaweza kuiangusha pikipiki kwenye stendi. Kama nati ina spilitpini (pini ya waya inayozuia nati isifunguke), inyooshe na uichomoe kwanza. Hiyo haitumiki tena, weka mpya. Kama chini ya shokapu kuna bolti inayobana ekseli, ilegeze pia.

2. Weka stendi kubwa kwenye ardhi ngumu. Ingiza gogo au tofali lenye ubao juu yake chini ya fremu, mbele ya injini, mpaka gurudumu la mbele lielee. Usiegemeze kwenye bomba la ekzosi, litapinda. Sukuma usukani taratibu kulia na kushoto: pikipiki ikicheza, rekebisha sasa.

3. Legeza nati ya kebo ya breki, kisha chomoa kebo kwenye mkono wa breki ulio kwenye sahani. Rudisha springi, kipini na nati kwenye waya wa kebo hapohapo, visipotee mchangani. Chomoa na kebo ya spidi, kama inaingia kwenye sahani hiyo.

4. Toa nati pamoja na washa yake (pete bapa ya chuma). Piga picha kwa simu pande zote mbili: kichwa cha ekseli kiko upande gani, bushi fupi (kipande cha bomba kinachovaa ekseli) iko wapi, ndefu iko wapi. Picha hii itakuokoa wakati wa kurudisha.

5. Shika gurudumu kwa mkono mmoja, gonga ekseli kwa mbao na uivute. Ikiwa nzito, nyanyua gurudumu kidogo kuondoa uzito juu yake. Usiigonge kwa nyundo ya chuma, nyuzi za kufungia nati zitaharibika.

6. Shusha gurudumu na utoe sahani ya breki. Kuanzia hapo usibonyeze mkono wa breki ya mbele. Pikipiki ya diski nayo ina sharti hilohilo, kwa ukali zaidi: ukibonyeza breki gurudumu likiwa nje, pedi zinakutana na diski haiingii tena. Chomeka kibao kati ya pedi.

Gurudumu likiwa nje, zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, ibadilishe leo. Kwa ekseli ya milimita 12 nyingi ni 6301, lakini soma namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe. Vumbi la ngoma lifute kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kwa kompresa wala mdomo, maana vumbi la brekishuu ni sumu kwa mapafu. Brekishuu zikibaki na unene wa chini ya milimita 2, weka mpya.

Kutoa tairi

Laza gurudumu juu ya tairi chakavu ili habu (kitovu cha gurudumu) isikwaruzike. Toa kiini cha valvu upepo uishe wote, fungua nati ya valvu, kisha kanyaga mdomo wa tairi (ukingo wake unaokaa kwenye rimu) pande zote mpaka uachane na rimu.

Hapa pana siri ya kazi yote. Katikati ya rimu kuna bonde. Mdomo wa tairi una waya ndani na hautanuki hata ufanyeje, kwa hiyo njia pekee ya kuupitisha juu ya ukingo wa rimu ni kuutumbukiza upande wa pili ndani ya lile bonde, ili upande wako upate nafasi. Basi piga goti juu ya tairi upande ulio mkabala na valvu, mdomo uingie bondeni, halafu anza na liva karibu na valvu. Ingiza liva ya pili sentimita 8 hivi pembeni, endelea kwa hatua ndogondogo. Ukiona unatumia nguvu nyingi, simama: mdomo umetoka bondeni upande wa pili. Nguvu ikizidi, liva hutoboa tyubu au hupinda rimu.

Mdomo mmoja ukishatoka, chomoa tyubu, simamisha gurudumu na usukume mdomo wa pili. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi la zamani na kwenye rimu. Kikinasa, pana msumari au spoku iliyotokeza. Spoku iliyotokeza ipige tupa mpaka iwe sawa na kichwa chake.

Kuvalisha tairi jipya

Tafuta mshale ubavuni. Tairi lenye mishale miwili lina mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma; fuata wa mbele. Mshale uelekee upande gurudumu linakozungukia pikipiki ikienda mbele, na uhakikishe ngoma ya breki iko upande wake sahihi unapolinganisha. Kosa hili hugunduliwa gurudumu likishafungwa, na hapo kazi inaanza upya. Kama tairi lina kidoa cha rangi ya njano, kiweke kwenye valvu: ndiyo sehemu nyepesi ya tairi.

Paka midomo sabuni ya maji. Oili na grisi hapana: zinaozesha mpira, na tairi litateleza kwenye rimu ukifunga breki, liburute tyubu na kung'oa valvu.

Ingiza mdomo wa kwanza, mara nyingi unakubali kwa mikono. Jaza tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo la duara bila kuvimba, uipake poda na uiingize. Pitisha valvu kwenye tundu, nati ishike nyuzi chache za juu. Mdomo wa pili uanzie mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa sababu hapo kitako cha valvu kimeziba bonde na mdomo hauwezi kuzama. Kabla ya sentimita 20 za mwisho, sukuma valvu iingie ndani kidogo, tyubu isinaswe chini ya mdomo. Malizia kwa viganja ukiweza.

Jaza mpaka psi 35 hivi (psi ndicho kipimo cha upepo), usivuke 40. Angalia mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu: uwe umbali uleule kila mahali, pande zote mbili. Sehemu ikizama, toa upepo, paka sabuni, jaza tena. Ukishakaa sawa, toa upepo wote kisha jaza upya. Tyubu iliyojikunja hujinyoosha. Malizia na kipimo kilicho kwenye kibandiko cha pikipiki. Kwa Boxer ya mbele ni psi 25. Nati ya valvu usiikaze mpaka kwenye rimu, iache juu karibu na kifuniko: valvu ikianza kuinama utajua tairi linateleza, kabla haijang'oka.

Kurudisha gurudumu

Paka ekseli grisi nyembamba. Kidole chenye grisi kisiguse brekishuu wala ngoma.

Rudisha sahani ya breki ndani ya ngoma. Kama gia ya spidi iko humo, zungusha taratibu mpaka meno yake mawili yatumbukie kwenye nafasi za habu. Sahani ikikaa imeinuka milimita chache, meno hayajaingia. Ukikaza ekseli namna hiyo unavunja gia.

Sasa pandisha gurudumu kati ya shokapu. Tazama ndani ya mguu wa shokapu upande wa breki: kuna kijino cha chuma, na kwenye sahani kuna mfereji. Kijino lazima kiingie kwenye mfereji. Ndicho kinachozuia sahani isizunguke na gurudumu. Kikiwa nje, breki ya kwanza itazungusha sahani nzima, itasokota kebo na gurudumu litagoma kuzunguka mwendoni. Kiangalie kwa macho, kisha kiguse kwa kidole.

Pitisha ekseli, weka bushi kama kwenye picha, funga nati kwa mkono. Rudisha kebo zote mbili. Shusha pikipiki, bonyeza usukani chini mara tatu nne ili shokapu zikae sawa, halafu bonyeza breki ya mbele, uishikilie na ukaze nati; sahani inajiweka katikati ya ngoma. Nati ya namna hii hukazwa kati ya newtonmita 45 na 60, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Bolti ya shokapu, kama ipo, inakazwa baada ya nati.

Rekebisha kebo ili mkono wa breki ulio kwenye usukani uwe na uhuru wa sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha. Inua tena, zungusha gurudumu: lizunguke bila kukwaruza, lisiyumbe, lisimame mara breki inaposhika.

Jaribu breki kwa mwendo wa kutembea kabla ya kutoka barabarani. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, hivyo kwa kilomita 150 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona wala kufunga breki kwa ghafla, hasa kwenye lami yenye maji. Kesho yake asubuhi pima upepo tairi likiwa baridi. Ukipungua zaidi ya psi 2 au 3, kaza kiini cha valvu, kitie mate na utazame kama kinatoa povu. Kama hakuna povu, tyubu imebanwa na liva, fungua uizibe.