Jinsi ya kusoma gazeti la chama cha upinzani na kutambua linavyojenga maoni

Gazeti la chama cha upinzani lina upande, na upande huo unajulikana kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunuliwa. Kulitupa kando kwa sababu hiyo ni uvivu, na kuliamini lote kwa sababu hiyo hiyo ni uvivu wa aina nyingine. Linalofaa ni kuichunguza kazi linayoifanya, ambayo kwa maoni yangu hufanyika zaidi katika kuchagua mambo yatakayozungumzwa kesho kuliko katika tahariri zake kali.

Kwanza fahamu gazeti ni la nani. Tafuta maandishi madogo yanayomtaja mchapishaji na mhariri mkuu. Lipo gazeti ambalo ni sauti rasmi ya chama, kama lilivyokuwa l'Unità, lililoanzishwa na Antonio Gramsci mwaka 1924, kwa Chama cha Kikomunisti cha Italia. Na lipo linalomilikiwa na kiongozi au mfuasi wa chama, lisilofungwa na vikao vyake. La kwanza hukuonyesha msimamo uliokwisha kukubaliwa ndani ya chama, ilhali la pili mara nyingi hukuonyesha kambi moja tu ya chama hicho.

Kisha kusanya matoleo ya wiki tatu au nne, kwa kuwa toleo moja halikuambii kitu. Andika kila kichwa kikuu cha habari cha ukurasa wa mbele, uhesabu ni jambo gani limerudiwa na ni lipi lilitokea mara moja likatoweka. Watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1968, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 walionyesha kwamba mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari yalilingana kwa karibu sana na yale ambayo wapiga kura wenyewe waliyaona kuwa muhimu. Wao walichunguza vyombo vya habari vya kawaida. Gazeti la chama lina wasomaji wachache zaidi, kwa hiyo ajenda yake huenea pale tu inapodakwa na wengine. Kwa sababu hiyo, pembeni ya kila kichwa ulichokiandika, weka alama iwapo magazeti mengine yameifuata habari hiyo au msemaji wa serikali ameikanusha. Kanusho la hasira mara nyingi huifikisha habari mahali ambapo gazeti lenyewe lisingefika.

Fuatilia pia majina ambayo mambo yanapewa. Sheria moja inaweza kuitwa na serikali sheria ya usalama, na upinzani ukaiita sheria ya kuziba watu midomo. Chagua jina moja la namna hiyo na ulisikilize nje ya gazeti: likianza kutumiwa na mtu asiyelisoma kabisa, na hasa likimponyoka kiongozi wa chama tawala, basi kazi imekwisha kufanyika, hata kama hakuna aliyebadili chama.

Wala usitazamie kwamba wengi watabadili chama. Mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake, walipowafuatilia wapiga kura wa wilaya ya Erie, Ohio, katika uchaguzi wa mwaka 1940, waliona kwamba kampeni huimarisha zaidi misimamo iliyokuwepo, na kwamba habari huwafikia wengi kupitia watu wachache wanaosoma kisha wakawasimulia wenzao. Msomaji halisi wa gazeti la upinzani ni huyo msimuliaji, yaani kada anayechukua humo hoja na takwimu za kubishania. Idadi ya nakala zilizouzwa kwa hiyo hupotosha. Uliza nakala moja inapita mikononi mwa watu wangapi, na nani anaisambaza. Lenin, mwanamapinduzi wa Urusi, alilijua hili: gazeti la Iskra, lililoanza kuchapishwa nje ya Urusi mwezi Desemba 1900 na kuingizwa nchini kwa siri, lilihitaji mtandao wa wasambazaji, na mwaka 1901 yeye mwenyewe aliandika kwamba gazeti si mwenezi na mhamasishaji tu bali pia ni mwandaaji wa pamoja.

Baada ya hapo, chukua tuhuma moja nzito uipime. Je, ipo nyaraka, au ni "chanzo cha kuaminika" tu? Je, mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujibu? Tofautisha hapa udhaifu wa habari na hatari ya kuiandika, kwa maana hukumu dhidi ya gazeti peke yake haithibitishi uongo: mwaka 1958 Julius Nyerere alitozwa faini kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wa wilaya wa kikoloni, na heshima yake kwa wafuasi haikupungua.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kutafuta kisichoandikwa. Orodhesha habari za chama chenyewe zilizosikika kwingineko katika wiki hizo, kama vile ugomvi wa viongozi, matumizi ya ruzuku au mwenendo wa halmashauri ambayo chama hicho kinaiongoza, kisha uangalie gazeti lilizipa ukurasa gani, na iwapo lilizitaja kabisa.