Jinsi ya kulinganisha kasi za diski kwenye kompyuta ya zamani

Anza na mlango wa diski, maana ndio unaoweka kikomo. Kompyuta nyingi za mwaka 2008 hadi 2010 zina mlango wa aina ya SATA II, na kikomo chake ni megabaiti 300 kwa sekunde. Kiuhalisia utapata kama 270. SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) iliyoandikwa 550 kwenye boksi haitavuka hapo, kwa hiyo usiongeze hela kwa ajili ya namba hiyo.

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, tafuta Transfer Mode. Ukiona "SATA/300 | SATA/600", ya kushoto ndiyo kasi inayotumika sasa, ya kulia ni uwezo wa diski yenyewe. Hapohapo tazama mistari 05 na C5 (sehemu za diski zilizoharibika au zinazotiliwa shaka), kwenye safu ya Raw Values. Ikiwa si sifuri, diski imeanza kuchoka: okoa mafaili kwanza, kupima kutasubiri. C7 (makosa ya kusafirisha data) ikizidi kupanda, badilisha kebo.

Sasa CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski. Funga programu zote, simamisha masasisho ya Windows, acha mashine itulie dakika tano. Chagua mizunguko 5 na 1GiB, kisha bonyeza All. Wengi hukimbilia mstari wa juu, SEQ1M (data inayosomwa kwa mfululizo), ambao una maana ukinakili filamu. Kompyuta kuwaka haraka au kukwama kunategemea zaidi mstari wa chini, RND4K Q1T1: vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika kila mahali. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutoa hapo kama megabaiti 0.5 tu kwa sekunde, kwa sababu kila kipande huisubirisha wastani wa milisekunde 5.6 sahani ifike, mbali na muda wa kichwa kusogea. Ya 7,200 husubiri milisekunde 4.2, nafuu ni ndogo. SSD ya kawaida hutoa megabaiti 20 kwa sekunde na kuendelea, hata kwenye SATA II.

Usipime diski moja ndani ya mashine na nyingine kupitia USB 2.0, kwani USB hiyo huishia kwenye megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Diski ya kuzunguka iliyojaa nayo hudanganya: sehemu za ndani ya sahani husoma karibu nusu ya kasi ya zile za nje.

SSD ikibaki chini ya matarajio, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama SATA imewekwa IDE, hali ya kizamani, badala ya AHCI. Usibadilishe ghafla, Windows itakuletea skrini ya bluu. Kwenye Windows 10, tia alama Safe boot (kuwaka kwa hali salama) ndani ya msconfig, programu ya mipangilio ya Windows, zima na uwashe, badilisha BIOS, iache iwake mara moja, kisha ondoa alama hiyo.