Nyumba za hausing asosiesheni Uingereza: omba mapema, na ukishapata usinyamaze

Ndugu zangu mlioko Uingereza, nazungumzia England hasa, maana Scotland na Wales wana taratibu zao. Naona wengi bado wanamlipa dalali hela nyingi kwa chumba kimoja wanachobanana na watoto, kumbe wana haki kabisa ya kuomba nyumba ya hausing asosiesheni ila hawajui waanzie wapi. Hizi asosiesheni ni wenye nyumba wasiotafuta faida, hela inayobaki inarudi kwenye matengenezo na kujenga nyumba zingine, na baadhi ni za zamani sana, mfano Peabody ya London imeanza 1862 kwa hela za tajiri Mmarekani George Peabody.

Kwanza angalia karatasi zako. Kama visa yako ina lile sharti la kutogusa fedha za umma, na ndugu zetu wengi waliokuja na visa ya kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) au ya masomo wanayo, basi kwa kawaida huwezi kuingia kwenye orodha ya wanaosubiri nyumba, na mtu akikwambia umpe hela akuingize kwa mlango wa nyuma huyo ni tapeli, mkimbie. Wenye hadhi ya ukimbizi, wenye ukaazi wa kudumu na wenye uraia wanaweza kuomba. Kama mmoja wenu ana karatasi na mwenzie hana, kabla hamjajaza fomu yoyote nendeni Citizens Advice au mpigie Shelter, hayo ni mashirika ya kusaidia watu na ushauri wao ni bure.

Sehemu kubwa ya hizi nyumba zinapitia kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Unajiandikisha kwenye orodha ya kaunsili ya pale unapoishi, wanaangalia umekaa eneo hilo muda gani (kila kaunsili ina sheria yake hapo), mko wangapi, kuna ugonjwa, mmebanana kiasi gani, halafu wanakuweka kwenye bendi, yaani kundi la kipaumbele kulingana na shida yako. Hapa ndo watu wetu wanajipunja kwa kuona aibu kusema shida zao. Kama mtoto ana pumu, barua ya daktari iwepo. Kama mama mkwe hapandi ngazi, andika. Na mtoto akizaliwa wajulishe haraka, usingoje wakuulize, maana idadi ya vyumba wanahesabu kwa watu: kwa kawaida watoto wawili chini ya miaka 10 wanalala pamoja hata kama ni wa kike na wa kiume, wa jinsia moja mpaka 16.

Ukishapewa bendi unaingia mwenyewe kwenye tovuti yao kuomba nyumba zinazotangazwa, ile wanaita bidingi, na mara nyingi zinatoka kila wiki. Soma tangazo vizuri. Likiandika Social Rent hiyo kodi iko chini sana ya bei ya soko, likiandika Affordable Rent inaweza kufika asilimia 80 ya bei ya soko, na kwa London asilimia 80 bado inauma. Angalia na service charge (ada ya huduma za jengo), na kumbuka council tax, ushuru wa kaunsili, unalipa pembeni. Usiombe chumba cha ziada kwa ajili ya wageni kama unategemea Universal Credit (msaada wa fedha wa serikali), chumba kimoja kilichozidi wanakata asilimia 14 ya kodi inayohesabiwa, viwili au zaidi asilimia 25.

Siku ya kuiona nyumba nenda na tepu ya kupimia na simu yenye chaji. Nyingi zinatolewa tupu kabisa, sakafu ya zege bila kapeti, hakuna jiko la kupikia wala mapazia, kwa hiyo anza kuweka akiba mapema. Fungua kabati, gusa kuta za nje hasa nyuma ya mlango wa chumbani na chini ya madirisha, ukungu unapenda kujificha hapo. Siku unapewa funguo piga picha mita za umeme na gesi kabla hujawasha chochote, deni la aliyetoka lisije likawa lako. Na kodi wanataka ya mbele kidogo, wakati malipo ya kwanza ya Universal Credit yanachukua kama wiki 5, jipange.

Mara nyingi unaanza na mkataba wa majaribio wa miezi 12. Lipa kwa wakati, na usimpangishie mtu nyumba nzima eti wewe umeenda nyumbani miezi kadhaa, tangu sheria ya 2013 hilo ni kosa la jinai na nyumba inaondoka.

Sasa matengenezo, hapa nasema kwa uchungu. Wengi wetu tunanyamaza tukiona tumesaidiwa, tunaogopa kufukuzwa. Jamani wewe ni mpangaji, unalipa kodi. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa wazazi kutoka Sudan, alifariki mji wa Rochdale, England, Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu ndani ya nyumba yao ya asosiesheni, na baba yake alishalalamika tangu 2017 akaambiwa apake rangi. Kwa ajili yake ipo sheria inaitwa Awaab's Law, imeanza kazi 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura washughulikie ndani ya saa 24, unyevu na ukungu mkubwa waje kuchunguza ndani ya siku 10 za kazi, na wakikuta ni hatari kweli wapafanye salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi.

Kwa hiyo ripoti kwa maandishi, imeli au kwenye app yao, weka picha na tarehe, na ukipiga simu omba namba ya kumbukumbu. Wakikwambia ukungu ni kwa sababu mnapika sana au mnaanika nguo ndani, usikubali ikaishia hapo, omba waje wachunguze. Wakizungusha andika neno complaint wazi kabisa kwenye imeli, maana ripoti ya kawaida haihesabiki kama malalamiko. Kuna hatua mbili, ya kwanza wanatakiwa kujibu ndani ya siku 10 za kazi tangu wakiri kupokea, ya pili siku 20. Hujaridhika bado, peleka kwa Housing Ombudsman, chombo huru kinachoamua malalamiko ya wapangaji, hulipi hata senti na huhitaji wakili, na kama Kiingereza kinakusumbua waambie unataka mkalimani wa Kiswahili.