SOMO: Yasome maji ya bwawa la sato kabla hujamwaga pumba

Wanakikundi, kila mtu ananiuliza chakula. Mimi naanza na maji, maana samaki anakula humo, anapumua humo na kunya humo humo.

Hatua ya 1: Maji yanatoka wapi? Huku Kibosho na Marangu wengi tunategemea mfongo, yaani mfereji wa asili wa kuleta maji kutoka mlimani. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi. Ukishakipata, fuata mfongo kwa miguu hadi juu. Nani anafulia? Nani anapiga mrututu, ile dawa ya shaba, kwenye kahawa? Shaba ya mrututu ni sumu kwa samaki, kwa hiyo siku ya dawa ziba mlango wa maji.

Hatua ya 2: Mkono. Nyoosha mkono, kunja kiganja, zamisha polepole. Vidole vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo, kijani kimezidi: acha samadi, ingiza maji mapya. Vikipotea kwenye kiwiko, safi. Maji ya kahawia baada ya mvua ni tope tu, yasikudanganye.

Hatua ya 3: Alfajiri. Mwani, ndio ile kijani ya maji, unatoa hewa mchana, usiku unaivuta wenyewe. Masika moja, siku tatu za mawingu, bwawa langu likawa kijani zito kama mlenda, nami jioni nikamwaga pumba kama kawaida. Saa kumi na moja alfajiri nikakuta midomo imejaa juu ya maji, pwa, pwa, pwa. Jua lilipotoka nilikuwa nimeopoa ndoo mbili. Ukiona midomo, usilishe. Fungulia maji mapya yaanguke kutoka juu.

Hatua ya 4: Joto. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu inakwisha. Maji ya mlimani ni baridi, usiyaache yapite usiku na mchana. Jaza, kisha fidia yanayopungua.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Chokaa ya ukuta inafaa?*
Marahaba. Hapana, ni kali mno penye samaki. Tumia ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba, bwawa likiwa kavu.

*Mangi, shemeji yangu wa Bagamoyo anataka kufuga chaza. Somo ni hili hili?*
Lake ni gumu zaidi. Chaza halishwi, anachuja maji ya bahari, na vijidudu vya kinyesi vinabaki mwilini mwake. Wengine wanamla mbichi! Marekani wanapima maji yenyewe: eneo la kuvuna bila masharti, bakteria wa kinyesi wasizidi wastani wa 14 kwa mililita 100. Ulaya wanapima nyama: daraja A ni E. coli, bakteria wa kinyesi, wasiozidi 230 kwa gramu 100. Wa daraja B lazima wakae kwanza kwenye maji safi wajitakase, au wapikwe. Kabla hajanunua kamba na maboya, akaangalie mto Ruvu wa huko kwao unamwaga nini baharini masika.

*Vidole vyangu vimepotea kwenye kifundo na nimeshalisha. Nifanyeje?*
Fungulia maji sasa hivi. Kesho saa kumi na moja uwe bwawani, utuandikie umeona nini.